Kiraka

Saginaw, Februari. Theluji imefika kwenye vitasa,
na hita ya gereji inakohoa kama mvutaji.
Nimelaza sikio ubavuni mwa Buick ya baba,
naigonga bodi kwa kifundo cha kidole:
hapa inalia, ngo, ngo, bati;
hapa inanyamaza.
Penye kunyamaza pana jambo.

Ezell Tolliver hakuwa mtu wa maneno mengi.
Miaka ishirini na tisa alimimina chuma cha moto kwenye kalibu,
akarudi nyumbani na masizi kwenye kope,
akaoga, akala, akatoka kwenda kulitazama gari.
Silinda nane. Rangi ya haradali. La mwaka sabini.
Alipoliwasha Jumapili, vikombe vya mama vilicheza kabatini,
na mchungaji, mitaa miwili kutoka kwetu,
alingoja gari litulie ndipo aseme amina.

"Gari hili," alizoea kusema, "halijawahi kuguswa na puti."
Nasi tukaapa hivyo hivyo kwa majirani, kwa wanunuzi,
na mimi mwenyewe, juzi tu, kwa Dwight wa duka la vipuri.

Injini haikunitesa. Nimeishusha, nimeifumua,
vali kumi na sita nimezipanga kwenye trei ya mayai, kila moja na namba yake,
na matundu yaliyobaki nimeyajaza skrubu
nisizojua zimetoka wapi.
Kabureta imelala siku mbili kwenye dawa, imeamka inang'aa.
Pistoni ya sita ilikuwa imeganda;
nimeibembeleza wiki nzima kama mtoto aliyesusa kula,
ila kwa mafuta, na nyundo ya mbao.

Ni bodi iliyonikalisha chini.
Juu ya gurudumu la nyuma, upande wa kushoto,
grainda ilipita, haradali ikaondoka,
halafu vumbi la waridi likaanza kuninyeshea viatuni.
Puti.
Nene kama mkate.
Mficha maradhi, nikasema, nikacheka peke yangu ndani ya barakoa.
Baba, leo umeumbuka.

Nikaacha mashine, nikashika msasa, taratibu,
na chini ya puti, kwenye kipande cha bati
kilichopigwa ribiti kumi na moja,
nikaona jicho.
Jicho la farasi. Kisha shingo yake, kisha herufi tatu
zilizokwanguliwa kwa msumari na mtoto wa miaka minane:
V, E, R.

Kisanduku changu cha chakula cha shule.
Kile kilichopotea mwaka ule
kiwanda kilipowafungia watu geti.
Mama alinisuta siku saba: mtoto gani asiyetunza kitu!
Nikabeba mkate kwenye mfuko wa karatasi
mpaka darasa la sita.
Na yeye pale mezani, anakoroga kahawa isiyo na sukari,
anakoroga,
macho kikombeni.

Jioni Dwight ameniletea bati jipya, limekatwa kwa kipimo.
"Likate hilo," amesema, "la sivyo kwenye maonyesho
watakukata wewe alama."
Kweli. Na chumvi ya barabarani haijui huruma.
Nimeshika grainda. Nimeiweka chini. Nimeishika.

Nimelikata, naam;
kutu ilikwisha pita nyuma yake, na kutu haina adabu.
Farasi nimemwosha kwa mafuta ya taa, yuko juu ya friji,
na ribiti zake ndani ya kifuniko cha chupa.
Lakini kabla ya kuchomelea nimeligeuza bati jipya,
upande ambao hakuna jaji atakayeuona,
nikatafuta msumari,
nikamalizia herufi nne zilizobaki.

Kisha nikashusha barakoa, cheche zikaruka.

Na wewe utakayekuja kulitazama majira ya joto,
ukaligonga kwa kidole, ukaniuliza,
nitakutazama usoni bila kupepesa:
gari hili halijawahi kuguswa na puti.